Ukuta na Karatasi: Historia ya Sanaa Tunayoishi Ndani Yake



Mada yangu jioni hii ni karatasi za ukutani, yaani karatasi zenye nakshi au picha zinazobandikwa kwa gundi ili kupamba chumba. Nimeichagua kwa sababu sanaa hii imedharauliwa kupita kiasi. Vitabu vya historia ya sanaa hutumia sura nzima nzima kuzungumzia michoro ya turubai, sanamu na majengo makubwa. Karatasi ya ukutani hupewa sentensi mbili au tatu, kisha mwandishi akaendelea na safari yake. Lakini mchoro wa turubai watu huufuata makumbusho, wakautazama kwa dakika chache na kuondoka. Karatasi ya ukutani huishi na familia usiku na mchana. Mtoto hujifunza rangi kwa kuitazama, na mgonjwa aliyelala kitandani huhesabu maua yake mpaka usingizi umchukue. Ni sanaa chache zinazokaa na binadamu kwa ukaribu huo.

Nitawaomba mkubaliane nami katika jambo moja. Pambo la ukuta halipimwi kwa uzuri wa nakshi peke yake. Tunapaswa kuuliza limetengenezwa na mikono ya nani, limetengenezwa kwa kitu gani, na kama lina picha za watu, watu hao wameonyeshwaje. Historia ya karatasi za ukutani kwa miaka 500 iliyopita inatupa majibu, na baadhi ya majibu hayo ni machungu.

Mwanzo: karatasi iliyogeuzwa upande

Katika Ulaya ya zamani matajiri walifunika kuta zao kwa mazulia ya kufumwa yenye picha, kwa hariri, kwa mahameli, au kwa ngozi iliyotiwa rangi ya dhahabu. Vitu hivyo vilipendeza macho na vilipunguza ubaridi wa kuta za mawe, ila bei yake haikushikika. Aliyekuwa na fedha kidogo alipaka chokaa, au alitafuta kitu cha kuigiza fahari ile. Karatasi iliingia nyumbani kupitia mlango huo wa kuigiza.

Mwaka 1911 mafundi waliokuwa wakikarabati makazi ya mkuu wa chuo cha Christ's College, Cambridge, walikuta karatasi iliyochapwa ikiwa imebandikwa kwenye boriti za dari. Nakshi yake ni tunda kubwa, mfano wa komamanga au koko la msonobari, lililozungukwa na majani yanayojikunja. Nakshi ya namna hiyo ilikuwa ikionekana kwenye mahameli ghali ya Italia wakati huo. Ndani yake kuna herufi H na umbo la bata bukini, alama iliyowafanya wataalamu wamtaje mchapaji wa mji wa York aliyeitwa Hugo Goes. Upande wa pili wa karatasi kuna maandishi, yakiwemo tangazo la serikali la mwanzo wa utawala wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1509.

Tuitazame vizuri karatasi hiyo. Wakati ule karatasi ilitengenezwa kwa matambara yaliyolowekwa na kupondwa, na kila shiti liliinuliwa peke yake kutoka kwenye maji kwa mikono ya fundi. Ilikuwa mali, haikutupwa ovyo. Tangazo la mfalme lilipokwisha kazi yake, mchapaji aliligeuza, akaweka rangi kwenye kibao cha mbao kilichochongwa, akachapa komamanga upande ulio wazi. Yule aliyekaa chini ya dari ile aliona fahari ya mahameli juu ya kichwa chake, kumbe ni tangazo lililogeuzwa.

Kwa muda mrefu karatasi za mapambo zilibaki mashiti madogo madogo, zikitumika kufunika makasha, vitabu na kuta za vyumba vidogo. Nchini Ufaransa kulikuwa na mafundi maalumu wa kazi hiyo. Familia ya Papillon ya Paris ni mashuhuri miongoni mwao. Jean-Michel Papillon, aliyeandika kitabu kikubwa cha uchongaji wa vibao vya kuchapia mwaka 1766, alimsifu baba yake kwa kubuni nakshi zinazoungana: ukibandika shiti moja kando ya jingine, tawi linaloanzia huku linamalizikia kule, na jicho halioni mahali pa kuungia. Jambo hilo lilibadilisha kazi nzima. Tangu hapo mchoraji hakuchora shiti, alichora ukuta.

Vumbi la sufu na mhuri wa ushuru

Katika karne ya 18 Waingereza walisifika kwa aina moja ya karatasi iliyoigiza mahameli kwa ustadi mkubwa. Nitaieleza namna ilivyotengenezwa, kwa kuwa ndani yake mna watu ambao historia imewasahau.

Fundi alichukua mashiti yaliyogundishwa pamoja kuwa ukanda mrefu, akaupaka rangi ya chini, kisha akaurudia kwa kibao kilichochovywa gundi nzito badala ya rangi. Pale kibao kilipogusa, nakshi ikabaki inanata. Ukanda ukaingizwa ndani ya sanduku refu lililomwagiwa vumbi la sufu iliyotiwa rangi, vumbi linalobaki viwandani vitambaa vya sufu vinapopunguzwa manyoya. Chini ya sanduku paliwambwa ngozi kama ngoma. Watoto walisimama na fimbo wakaipiga ngozi ile kwa nguvu, vumbi likaruka juu, likatua na kunata kwenye gundi. Ukanda ulipotolewa na kukung'utwa, nakshi ilikuwa imesimama laini na nzito kama mahameli yenyewe. Yapata mwaka 1735 karatasi ya aina hiyo, nyekundu ya damu ya mzee, ilibandikwa katika ofisi za Baraza la Mfalme huko Whitehall, London. Waheshimiwa walioitazama walivutiwa na wekundu wake. Watoto waliopiga ngozi walikuwa wamevuta vumbi lile vifuani mwao.

Serikali nayo iliona mahali pa kuchuma. Mwaka 1712, wakati wa Malkia Anne, ushuru wa peni moja kwa kila yadi ya mraba uliwekwa kwa karatasi zilizochapwa au kupakwa rangi. Maofisa walipiga mihuri nyuma ya karatasi kuthibitisha kuwa ushuru umelipwa. Wanunuzi wengine wakabandika karatasi tupu ukutani kisha wakamwita mchoraji aichoree pale pale, ili wakwepe. Mihuri ilighushiwa pia, na mwaka 1806 kughushi mhuri wa karatasi za ukutani kukawekwa miongoni mwa makosa ya kunyongwa. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1836. Wanahistoria wa leo huishukuru mihuri ile, kwa kuwa inawasaidia kujua umri wa karatasi.

Bustani kutoka Guangzhou

Wakati Ulaya ikiigiza mahameli, meli za kampuni za biashara za Uingereza, Uholanzi na Ufaransa zilikuwa zikirudi kutoka bandari ya Guangzhou, kusini mwa China, zikiwa na chai, hariri, vyombo vya kaure, na karatasi zilizochorwa kwa mkono. Karatasi hizo zilitengenezwa na wachoraji wa China kwa ajili ya soko la nje. Majumbani mwao kwa kawaida hawakubandika karatasi zenye nakshi nyingi namna ile.

Ziliuzwa kwa seti, nyingi zikiwa na kanda 25 au 40. Ukizipanga kuzunguka chumba, unapata bustani moja isiyojirudia. Miti inapanda kutoka sakafuni hadi darini, ndege wamekaa matawini, vipepeo wanaruka kati ya maua. Kila ndege anatambulika ni wa aina gani, na kila ua lina umbo lake halisi. Pale karatasi zilipopishana, fundi wa Ulaya alikata ndege au tawi kutoka kwenye mabaki akalibandika juu ya kiungo. Thomas Chippendale, fundi samani aliyejulikana kuliko wote Uingereza, ndiye aliyesimamia ubandikaji wa karatasi ya China katika jumba la Nostell Priory, Yorkshire, mwaka 1771, na ipo mpaka leo.

Nataka wanafunzi walishike jambo hili. Wachapaji wa London na Paris waliziigiza karatasi za China kwa vibao, na nyingi ya kazi zao zilikuwa hafifu. Waliona umbo la nje la ndege na maua, hawakuujua uchunguzi wa miaka mingi ulio nyuma ya mkono wa mchoraji wa Guangzhou. Majina ya wachoraji hao hayakuandikwa kwenye vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara, ilhali jina la Chippendale tunalitamka mpaka leo.

Paris: kutoka mbinguni hadi barabarani

Hakuna kiwanda cha karatasi za ukutani kilichoishi karibu na historia ya dunia kama kile cha Jean-Baptiste Réveillon, katika kitongoji cha Saint-Antoine, Paris. Réveillon aliajiri wafanyakazi zaidi ya 300 na wachoraji bora wa zama zake. Mwaka 1783 kiwanda chake kilipewa hadhi ya kuwa kiwanda cha kifalme. Mwaka huo huo ndugu wa Montgolfier walimwendea kwa msaada, naye akawatengenezea na kuwapambia puto la hewa moto kwa rangi ya samawati na nakshi za dhahabu, ustadi ule ule wa karatasi zake. Tarehe 19 Septemba 1783, mbele ya mfalme huko Versailles, puto hilo lilipaa likiwa limebeba kondoo, bata na jogoo, nao wakatua wazima.

Miaka sita baadaye Paris ilikuwa na njaa. Bei ya mkate ilikuwa imepanda, na mkutano wa kuchagua wajumbe wa bunge la taifa ulikuwa ukiendelea. Uvumi ukaenea kwamba Réveillon amesema mfanyakazi anaweza kuishi kwa sous 15 kwa siku. Tarehe 27 na 28 Aprili 1789 umati ulijaa mitaani. Nyumba na kiwanda chake vikaporwa na kuharibiwa, askari wakafyatua risasi, na watu wengi wakauawa. Réveillon alikimbilia ndani ya ngome ya Bastille iliyokuwa jirani, na baadaye akahamia Uingereza. Wiki 11 baada ya ghasia hizo, tarehe 14 Julai, watu wa kitongoji kile kile walikuwa miongoni mwa walioivamia Bastille.

Wanahistoria wanaeleza kwamba Réveillon hakuwa mwajiri mbaya kuliko wengine, na inasemekana alikuwa akiwalipa watu wake hata siku ambazo kazi ilisimama. Lakini umati wenye njaa uliona karatasi za fahari zikitoka kiwandani kwenda kwenye majumba ya wakubwa, na uliposikia habari ya mishahara, haukuhitaji maelezo zaidi. Pambo likitenganishwa sana na tumbo la jirani, hugeuka kuwa uchokozi.

Dunia kuzunguka chumba

Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kulizuka sanaa mpya: karatasi za mandhari. Chumba kizima kilizungushiwa picha moja, bila kujirudia, ikionyesha nchi za mbali. Wachapaji wakubwa walikuwa Joseph Dufour wa Mâcon, aliyehamia Paris baadaye, na kiwanda cha Zuber cha Rixheim, Alsace, kilichoanzishwa mwaka 1797 na kinachoendelea kuchapa kwa vibao mpaka leo.

Mwaka 1804 Dufour alitoa karatasi ya kanda 20, iliyochorwa na Jean-Gabriel Charvet, kuhusu watu wa Bahari ya Pasifiki. Chanzo chake kilikuwa habari za safari za Kapteni James Cook. Dufour aliandika na kijitabu cha maelezo, akikusudia picha iwe darasa la jiografia kwa watoto. Kama ufundi, ni kazi ya ajabu. Kama habari za watu, ni upotoshaji. Wapasifiki wamevikwa mavazi ya sanamu za Ugiriki na Roma. Wanacheza ngoma kwa madaha chini ya miti, na kifo cha Cook huko Hawaii mwaka 1779 kimewekwa mbali nyuma, kidogo, pasipoumiza mtu. Jina alilolipa kazi yake liliwaita washenzi. Hivyo familia ya Kifaransa ilikula chakula cha jioni miaka nenda miaka rudi ikizungukwa na picha ya watu ambao hawakuulizwa lolote.

Jibu lilikuja baada ya karne mbili. Msanii Lisa Reihana, Mmaori wa New Zealand, aliichukua mandhari ile ya Dufour akaigeuza kuwa filamu ndefu inayotembea ukutani. Ndani yake Wapasifiki halisi wanafanya mambo yao wenyewe: wanacheza, wanafanya biashara, wanagombana na mabaharia, wanaumia, na Cook anakufa mbele ya macho yetu. Kazi hiyo iliwakilisha New Zealand katika maonyesho ya Venice mwaka 2017. Reihana hakuichana karatasi ya zamani. Aliiacha iwe mandhari, akawarudishia watu uhai wao. Kwa maoni yangu hiyo ni kati ya kazi muhimu za sanaa za karne hii.

Haki inadai nitaje na mfano wa upande mwingine. Mwaka 1834 Zuber ilitoa mandhari ya Amerika ya Kaskazini, iliyochorwa na Jean-Julien Deltil: bandari ya Boston, maporomoko ya Niagara, ghuba ya New York. Miongoni mwa watu wanaotembea wamo Waamerika weusi waliovaa vizuri, wakitembea kwa heshima zao, wakati utumwa ulikuwa bado ni sheria katika majimbo ya kusini. Karatasi hiyo ilibanduliwa kutoka nyumba moja ya Maryland iliyokuwa ikibomolewa, na mwaka 1961, wakati Jacqueline Kennedy akiipamba upya Ikulu ya Marekani, ikabandikwa katika ukumbi wa kupokelea mabalozi. Maumbo yale yale ya ufundi yanaweza kumdhalilisha mtu au kumpa heshima yake, na uamuzi uko mkononi mwa mchoraji.

Mtambo, na rangi ya kijani

Mwaka 1799 Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipata hataza ya mtambo wa kutengeneza karatasi ndefu isiyokatika. Mwaka 1839 kampuni ya Potter ya Darwen, Lancashire, ilipata hataza ya mtambo wa kuchapa karatasi za ukutani kwa silinda, rangi nne kwa mpigo. Uzalishaji nchini Uingereza ukaongezeka kutoka takriban roli milioni 1 mwaka 1834 hadi karibu milioni 9 mwaka 1860. Bei ikashuka mpaka mfanyakazi wa kiwandani akaweza kuweka maua ukutani kwake. Hilo lilikuwa jambo jema, na sipendi wale wanaolikumbuka kwa kulibeza. Mtu maskini naye ana macho.

Balaa lilikuwa ndani ya rangi. Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele alikuwa amegundua rangi nzuri ya kijani kutokana na shaba na aseniki. Mwaka 1814 ikapatikana nyingine, kali zaidi kwa mng'ao, nayo pia ya aseniki. Hakukuwa na kijani kama hicho kabla yake. Kikapakwa kwenye nguo, maua ya bandia, vitu vya kuchezea watoto, na zaidi ya yote kwenye karatasi za ukutani. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa ndani hapakuwa na mti, palikuwa na sumu. Rangi ilipukutika ikawa vumbi. Mwaka 1862 watoto wa familia moja ya Limehouse, mashariki mwa London, walikufa mmoja baada ya mwingine, na daktari wao, Thomas Orton, akainyooshea kidole karatasi ya kijani ya chumba chao. Mwaka 1874 Robert Kedzie, profesa wa kemia huko Michigan, Marekani, alikusanya vipande halisi vya karatasi zenye aseniki, akavijalidi kuwa kitabu na kukisambaza kwenye maktaba za jimbo lake, nakala 100, ili wananchi waone kwa macho kile walichobandika majumbani. Nakala nyingi ziliharibiwa baadaye kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuwa hatari kukishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Mtaliano Bartolomeo Gosio akaonyesha kwamba kwenye kuta zenye unyevu kuvu huila gundi ya karatasi na kuigeuza aseniki kuwa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu.

Uingereza haikuwahi kutunga sheria ya kuikataza aseniki katika karatasi za ukutani. Wanunuzi ndio waliozikataa, na watengenezaji wakalazimika kutangaza kuwa karatasi zao hazina sumu hiyo.

William Morris, sifa zake na deni lake

Katikati ya karne ya 19 wasanifu wa Uingereza walianza kulalamika kwamba karatasi zimekuwa za uongo. Mwaka 1841 A. W. N. Pugin, msanifu aliyepamba majengo ya Bunge la Uingereza, alizishambulia karatasi zenye picha za majengo yaliyochorwa yakiingia ndani, jengo lile lile likirudiwa juu ya jingine kuanzia sakafuni hadi darini. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ukuta ni bapa, na nakshi ya ukuta iwe bapa.

Aliyeifikisha hoja hiyo kwenye kilele chake ni William Morris. Mwaka 1862 alichora nakshi yake ya kwanza ya karatasi, Trellis, fito zilizopandwa na mawaridi, kutokana na bustani ya nyumba yake huko Bexleyheath. Ndege walichorwa na rafiki yake Philip Webb. Karatasi ilianza kuuzwa mwaka 1864, ikichapwa na kampuni ya Jeffrey & Co. kwa vibao vya mti wa mpea. Kila rangi ilikuwa na kibao chake. Mchapaji alikigandamiza kibao kwenye rangi iliyotandazwa, akakilenga kwa vipini vidogo vya pembeni, akakikandamiza juu ya karatasi, kisha ukanda ukaanikwa ukauke kabla ya rangi ya pili. Nakshi ya Acanthus ya mwaka 1875 ilihitaji vibao 30. Ukiitazama, majani yanaonekana kupishana na kuzama, lakini ukuta unabaki ukuta. Macho yanapata pa kutembea, na hayadanganywi. Aliacha karibu nakshi 50 za karatasi, na nyingi zinachapwa hadi leo.

Morris aliamini kwamba kazi ya mikono inapaswa kumfurahisha anayeifanya, na mwaka 1883 akajiunga na harakati za kisoshalisti. Ukweli mwingine haupaswi kufichwa. Utajiri wa familia yake ulitokana na hisa za Devon Great Consols, mgodi wa shaba uliokuja kuwa mzalishaji mkubwa wa aseniki, naye mwenyewe alikuwa mmoja wa wakurugenzi mpaka mwaka 1875. Mwaka 2003 mwanasayansi Andrew Meharg alichapisha uchunguzi wa kipande cha Trellis ya awali, na kijani chake kilikuwa na aseniki. Morris aliudharau wasiwasi wa madaktari kuhusu sumu hiyo. Mimi namheshimu Morris kama mchoraji wa nakshi kuliko wote waliomtangulia katika fani hii, na bado nasema alipaswa kuuliza swali la pili kati ya yale niliyoyataja mwanzo: pambo hili limetengenezwa kwa kitu gani, na anayechimba kitu hicho ana hali gani?

Karne ya 20

Wasanifu wa kisasa walitaka kuta nyeupe, na wengi waliifukuza karatasi. Lakini hata wao waliirudia. Mwaka 1929 chuo cha Bauhaus cha Ujerumani kiliandaa shindano kwa wanafunzi wake, kwa ushirikiano na kampuni ya Rasch, kubuni karatasi za bei nafuu zenye mistari myembamba na rangi tulivu. Zilipotoka madukani zikawa bidhaa iliyouzika kuliko zote za chuo hicho, zikaingia katika nyumba za wafanyakazi. Le Corbusier naye, aliyekuwa amehubiri chokaa nyeupe, alitoa mkusanyo wa karatasi za rangi kwa kampuni ya Salubra mwaka 1931.

Wasanii wakaanza kuitumia karatasi kusema mambo. Mwaka 1966 Andy Warhol alifunika kuta za jumba la sanaa la Leo Castelli, New York, kwa kichwa cha ng'ombe wa waridi kilichorudiwa juu ya rangi ya njano. Miaka ya 1990 Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alijenga sebule ya tajiri wa zama za Malkia Victoria, akaivika kuta na samani vitambaa vya batiki zenye picha za wanasoka weusi. Anayeingia mle anajiuliza fedha za sebule zile zilitoka wapi.

Sisi na kuta zetu

Pwani yetu haikuwa na karatasi, ila ilikuwa na elimu yake ya kupamba kuta. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa ndani ulijazwa zidaka, safu juu ya safu, zilizochongwa kwenye plasta ya chokaa, zikawekwa kaure za China na vitabu. Chokaa huuacha ukuta wa matumbawe upumue katika hewa ya chumvi. Bara nako, nyumba nyingi za udongo zimebandikwa magazeti na kalenda kwa gundi ya uji wa unga, na wabandikaji wa Ulaya nao walitumia gundi ya unga kwa karne nyingi. Mama aliyechagua picha za gazeti akazipanga ukutani alikuwa akifanya kazi ya sanaa, na anastahili kuhesabiwa katika historia hii.

Leo roli za mita 10 kwa sentimita 53 zimejaa madukani, Kariakoo na kwingineko. Nyingi ni za plastiki, na nakshi zake zinaigiza matofali, mbao na marumaru. Sina ugomvi na anayetaka kupendezesha sebule yake. Nina ushauri. Plastiki ikibandikwa juu ya ukuta wenye unyevu, kuvu huota nyuma yake na kifua cha mtoto ndicho kinacholipa. Ukuta ukaguliwe na ukaushwe kwanza, na muuzaji aulizwe bidhaa yake imetengenezwa kwa kitu gani.

Kwa wanafunzi nina ombi zito zaidi. Nendeni Lamu, Pate, Siyu na Mji Mkongwe na karatasi za vipimo. Chukueni vipimo vya zidaka, milango na kingo za mikeka, mjifunze mantiki yake jinsi mchoraji wa Guangzhou alivyojifunza ndege wake, kisha mbuni nakshi za kuta za leo, zichapwe hapa kwa rangi salama, na jina la aliyezibuni na la aliyezichapa yaandikwe pembeni mwa kila roli. Na wenye nyumba za zamani, kabla fundi hajakwangua ukuta, kateni kipande cha kila tabaka, andikeni mwaka na chumba, mkipeleke makumbusho. Tusipofanya hivyo sisi, wajukuu wetu hawatakuwa na namna ya kujua kuta zetu zilivaa nini.